Bata Aliyevaa Pete

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa karani wa kujaza fomu za malori pale Malaba, mpakani. Kila Novemba nilitafuta kisingizio cha kwenda kwa mjomba wangu, mvuvi wa Sio, ufuoni mwa ziwa, nikatazame bata mwitu. Walikuja kwa makundi kutoka kaskazini, wakatua nje ya mafunjo, wakalala juu ya maji vichwa vikiwa mgongoni. Mimi niliyezoea foleni ningeweza kuwatazama hadi jua liwake utosini.

Asubuhi moja mmoja wao alinasa kwenye wavu wa mjomba, akiwa hai. Mjomba alipomtoa aliona pete ya bati mguuni, akaganda. Ufuoni pale kila mvuvi alikuwa na alama yake kwenye maboya, na aliyechukua kitu chenye alama ya mwenzake alifukuzwa majini, mashua yake ikapandishwa nchi kavu. Wavuvi wawili walikuwa wameshaona.

"Huyu ana mwenyewe," mjomba akasema.

"Si umwachilie?" mmoja akamtania. "Ama umeshaonja supu?"

"Nikimwachilia, kesho mtasema nilimla. Mpwa wangu, wewe umesoma. Hebu soma."

Nikasoma namba, halafu jina la mji wa Ulaya niliouona tu kwenye ramani ya shule. Ndege mdogo hivi ametoka huko, na mimi sijawahi kuvuka Tororo, hapo tu ng'ambo ya mpaka.

"Ni mali ya nje," nikasema, kwa sauti ya mtu wa ofisi. "Mali ya nje inapitia forodhani. Wao watampata mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Wala mimi sikucheka. Nimetangatanga sana tangu siku hiyo, nimepita umri wa miaka arobaini, na bado najiuliza nilifikiri nini.

Tulimpeleka forodhani Busia ndani ya kapu. Afisa tuliyemkuta dirishani alisikiliza hadi mwisho.

"Mzee, huyu ana paspoti?"

Foleni nzima ikacheka. Mjomba naye akatabasamu, kwa heshima. Afisa akamtoa bata, akampapasa kifua kama mama anayechagua kuku sokoni, akamnyonga shingo. Yalikwisha kabla sijafumbua mdomo.

"Mwenyewe akija, mwambieni anitafute," akasema, akamkabidhi bata kwa mpishi wa jikoni nyuma ya ofisi.

Mjomba alibaki ameshika kapu tupu.

Tuliporudi ufuoni, mwenyekiti wa wavuvi aliniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma.

"Mlimfikisha hai?"

"Hai kabisa."

"Na mwenyewe amempata?"

"Hajampata."

"Basi mashua ya mjomba wako itoke majini mpaka bata wenzake warudi kaskazini."

Hiyo ilikuwa miezi minne, na mjomba alikuwa na nyumba ya watu saba. Nikapandisha sauti. Nikasema kosa ni langu, na la yule afisa, mzee hana hatia.

"Afisa hana mashua hapa," akajibu yule aliyemtania asubuhi. Hakuwa anatania tena.

Nilimgeukia mjomba nikingoja ajitetee. Alikuwa ameshavua viatu. Wanaume watano waliingia majini kuivuta mashua yake nchi kavu, watatu kati yao wanywaji wenzake, na yeye akashika mbele, akawaambia wainue taratibu, kuna ubao umelegea upande wa kushoto.