Nyota Juu ya Marahaba

Nina chumba cha kuhariria video hapa Ngokolo, Shinyanga mjini, na wateja wangu wananijua kwa mipito: ile namna picha moja inavyoondoka na nyingine kuingia. Wenzangu hutumia iliyokuja na programu, mioyo inayopepea, kurasa zinazojifunua, basi. Mimi hiyo hainitoshi. Nauchokonoa mpito mpaka unitii: uchukue sekunde mbili badala ya moja, uanze polepole umalizike kwa kasi, uvae rangi ya kitenge cha bi harusi. Kwa sendofu ya dada yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, nilitengeneza nyota ya dhahabu inayochanua katikati ya kioo hadi ifunike kila kitu, kisha inapasuka na picha mpya inatokea. Niliionea fahari kuliko gauni nililoshonewa.

Dhahabu niliichagua kwa ajili ya baba. Nilipokuwa darasa la tatu alikwenda kuchimba Mwakitolyo, "miezi miwili tu", akasogea hadi Geita, kila duara, yaani shimo la wachimbaji, likimtuma kwenye jingine, na miaka ikapita bila sisi kumtia machoni. Siku ya sendofu aliingia ukumbini na suti ya kuazima, amekonda, akakaa kando ya mama kama mgeni.

Asubuhi ya siku hiyo dada alikuwa ameniambia, "Zawadi sijali, keki sijali. Nataka aitikie shikamoo yangu mbele za watu." Mimi sikumwamkia kabisa. Ukishika kamera hakuna anayekuuliza.

Ulipofika wakati wa kuwalisha wazazi keki, dada akapiga magoti mbele yake, kipaza sauti mkononi. "Shikamoo baba." Baba akamtazama. Akaendelea kumtazama. Muziki unanguruma, mshereheshaji anaropoka, shangazi zetu wanapiga vigelegele, na mimi ndani ya kamera naona midomo iliyofungwa tu. Nilikasirika, nikageuzia kamera kwenye keki. Dada, kichwa kakiinamisha kama inavyotakiwa, hakusikia kitu. Alimlisha keki yake akitabasamu kwa meno, na jioni alipokuwa akivua viatu akaniambia, "Basi, yameisha." Hayakuwa yameisha. Namjua dada yangu.

Wanasema kinyozi hajinyoi. Nilipokaa kuhariri, pale baada ya "Shikamoo baba" niliiona ile aibu ikisubiri, nikaikata. Juu ya mkato nikaweka nyota yangu, nikairefusha kwa makusudi, ipasuke keki ikiwa tayari mdomoni. Nilijiona nimemsitiri dada. Nikairusha video kwenye kundi la ukoo.

Siku ya tatu baba akanipigia.

"Mwanangu, video nimeiona. Wenzangu hapa Kalangalala, Geita, wananiuliza, mtoto kakuamkia kwa magoti, wewe ukanyamaza? Mbona umeniondolea jibu langu?"

"Hukujibu, baba."

"Nilijibu," akasema. "Nilichelewa tu."

Nilikata simu kwa hasira, nikafungua klipu yenyewe ili nimuumbue. Nikavaa spika za masikioni, nikapunguza muziki kadiri ulivyokubali, nikasikiliza sauti iliyoingia kwenye kipaza sauti cha dada. Kimya. Baba anameza mate. Kimya tena. Nilihesabu sekunde kumi na moja, picha ilishahamia kwenye keki, na ndipo ikatoka, nyembamba, imekwaruza: "Marahaba, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma chetu. Ndivyo alivyomwita dada tangu utotoni, maana dada amerithi jina la bibi mzaa baba. Nililia palepale kitini, mteja akiwa mlangoni na flashi yake mkononi. Nilikuwa nimewaonea wote wawili.

Nikaifuta nyota. Sikuweka mpito mwingine wowote mahali pale, wala sikupunguza sekunde hata moja. Waliozoea kazi zangu walikuja kusema pale pamepooza. Ila kwanza nilimtumia dada peke yake. Alipiga simu, nikasikia tu video ikianza upya, ikifika pale, ikirudishwa tena, na tena. "Aliniita mayu," akasema mwishowe. "Umesikia? Kaniita mayu."

Kisha nikampigia baba. Alipokea akiwa kwenye karasha, mawe yanasagwa kwa kishindo, akahangaika kusogea mbali na makelele. Nilitaka kumwambia kwamba nimeirekebisha. Nilikuwa na maelezo marefu ya jinsi muziki ulivyokuwa mkubwa. Nikayaacha yote.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Upande wa pili pakawa kimya. Nilikaa na simu sikioni, nikamngoja.