Fisi Mwenye Kikohozi cha Mwenyekiti

Pamba iliyotoka shambani inanuka vumbi na jua. Hata leo harufu hiyo ikinipata napiga chafya kama mbuzi. Enzi za vijiji vya ujamaa, kwetu Kahama, kina mama walikaa uani kwa bibi kuchambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule, na mimi mtoto wa miaka kama tisa nikiwaigizia watu. Shule sikwenda, lakini sauti za kijiji kizima nilikuwa nazo.

Mwaka huo lambo lilikauka, kikabaki kidimbwi. Mwenyekiti wetu akaamuru ng'ombe wake wanywe kwanza. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sisi tukawa tunateka tope, mdogo wangu akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Nani amseme? Ukimsema unaitwa mpinga maendeleo.

Ndipo bibi akaanza hadithi ya Fisi aliyepewa kulinda kisima cha wanyama wote. Kina mama wakashtuka, maana kwetu hadithi ya mchana inaotesha mtu pembe. "Zikiota nitatundikia vibuyu," akasema, akanipa mimi sauti ya Fisi. Nikatoa tumbo, nikakohoa: "Kheh-hem! Ndugu wananchi! Maji ni yetu sote, ila naanza mimi!" Wakacheka mpaka kanga zikawadondoka. Kutazama hivi, Mwenyekiti amesimama mlangoni mwa ua.

Nilitamani nizame kwenye pamba.

"Shikamoo, mayu," akamwamkia bibi, kama mtu amwitavyo mama yake.

"Marahaba, baba. Karibu ukae. Ni habari za wanyama tu."

"Huyo Fisi anakohoa."

"Anakohoa sana. Vumbi la mifugo."

Angekasirika, angekuwa amejitaja mwenyewe. Akavuta gunia, akakaa, akajikuna goti. "Mwisho wake?"

"Watoto wa Sungura wanaumwa matumbo. Wakiisha, Fisi atamlindia nani kisima?"

Mwenyekiti akachomoa uzi wa gunia. "Hata mifugo ya Fisi inakufa, mayu." Sauti ndogo, sikuwahi kuiigiza hiyo.

"Najua, baba," bibi akasema, akamsogezea kibuyu cha uji.

Kesho yake ng'ombe wake walingoja ndoo zetu zijae kwanza. Mdogo wangu huyo sasa yuko Katoro, mnene, ana wajukuu.

Siku hizi mkubwa anasemwa kwenye simu, yeye na mama yake, kwa majina. Haya, watoto hamna woga, nawasifu. Ila naye anapandisha kioo cha gari, anaondoka zake. Mkubwa anayejua kabisa anasemwa yeye, akavuta gunia akakaa, akauliza mwisho, huyo nimemwona mmoja tu.