Mche Niliokataa Kupanda

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani wananiita bubu, na nikiulizwa swali, hata lile ninalolijua, naangalia dawati. Kwa hivyo siku ya kupanda miti hakuna aliyetarajia fujo kutoka kwangu.

Tulipelekwa kwa kijito kilicho chini ya shule yetu, huku Kalimoni. Wageni walikuwa wameleta miche kwa pikapu, na tisheti za kijani, na mpiga picha. Nilipopewa mche wangu nikakunja jani, nikanusa. Mkaratusi. Yote ilikuwa mikaratusi.

Tata, dadake mama, anafanya utafiti wa mimea Thika. Tukimtembelea, hata hatujaketi vizuri, ashaanza: mkaratusi una kazi yake, lakini si kando ya kijito, unakunywa maji kama ng'ombe. Anataka kaunti iweke sheria ya kukataza, na amewaandikia wakubwa mpaka amechoka. Na hapo chini yetu kina mama hulima nduma na kuchota maji.

Nikaketi, miguu ndani ya shimo nililopewa nipande.

"We bubu, panda tupigwe picha! Jua ni kali!" msichana wa darasa letu akanipigia kelele.

Mwalimu wa klabu ya mazingira akaja. "Kuna shida gani?"

"Huu sipandi hapa, mwalimu." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Utakausha kijito."

"Ati nini? Hebu msikieni profesa!"

Wote wakacheka. Masikio yakaniwaka moto, lakini sikutoka kwa shimo. Picha ikapigwa bila mimi.

Jumatatu nikaambiwa nilete mzazi. Mama akaomba ruhusa kiwandani, akaja na aproni bado kiunoni.

"Ni huyu wangu kweli?" akamuuliza mwalimu. "Huyu hata makanga wa matatu akimpitisha steji, ananyamaza tu!"

Mwalimu akataka niombe msamaha. Nikaomba, kwa kumwaibisha mbele ya wageni. Kwa ule mche, nikakataa. Mama akanifinya chini ya meza. Nikakataa tena.

Mwalimu akashusha pumzi. "Sasa unataka upandwe wapi?"

"Huko juu kwa ua, nyuma ya jikoni. Si shule hununua kuni?"

Akanipa jembe. "Chimba mwenyewe."

Nilichimba na kuupanda wakati wenzangu wakila. Nikamrudishia jembe, sketi imejaa udongo.

"Na ile mingine, mwalimu?"

Akabeba jembe, akaelekea stoo. Kesho nitamuuliza tena.