Aliyerithi Upawa wa Baba

Sisi Ifakara tunayeyusha alumini chakavu, sufuria zilizotoboka na rimu za pikipiki, kisha tunamimina sufuria mpya. Babu alianzisha tanuri, akamwachia Baba. Mwaka huu mikono ya Baba imeanza kutetemeka, akatamka kwamba mimi Twalib, mwanawe mkubwa, nikimimina vizuri sufuria ya Mama Scolastica, mama lishe wa Lumemo, nitarithi upawa wa kumiminia. Nikishindwa, atapewa dada yangu Mboni. Nilicheka. Mboni hata kuuza kifuniko hajui!

Alumini humiminwa mfululizo. Ukisita, ya kwanza inaganda na ya pili haishikani nayo. Hilo nalijua tangu utotoni.

Siku ya kumimina sufuria yake, nilipofika nusu, Mama Scolastica akasema kutoka mlangoni, "Twalib mwanangu, bei yako bado inaniuma. Punguza basi."

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikainua upawa, nikamgeukia. "Mama, kwa hiyo bei yako nakupa kifuniko tu!"

Tukavutana mpaka akakubali bei yangu yote. Nikamalizia kumimina huku natabasamu.

Sufuria ilipopoa tukaijaza maji. Ikavuja kiunoni, mzunguko mzima.

"Hii nipikie nini sasa, mvuke?" akauliza Mama Scolastica.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Mboni, shika upawa."

Siku hizi Mboni anamimina, mimi nauza. Tanuri likiwashwa, Baba hunituma na mdomo wangu hadi kijiji cha Kiberege kutafuta chakavu, hata kama zimejaa uani.