Mpishi wa Nyambizi Aliyewahisha Ijumaa

Ni Ijumaa, saa tatu asubuhi, na Nakatsuru Mizuho anakata kitunguu cha arobaini na moja. Chini ya ubao wake ametandika taulo bichi. Kifuniko cha sufuria hakigusi chuma, kinalazwa juu ya kitambaa. Mwiko ni wa mbao. Nyambizi imefungwa gatini hapa Kure, Japani, mbele ya macho ya kila mpita njia, na hakuna adui wa kusikiliza chochote, lakini yeye anapika kimyakimya kana kwamba wako chini kabisa ya maji.

"Mkono nikiuachia ugonge vyombo hapa, utagonga na kule," anasema bila kuinua macho. "Kule mfuniko mmoja ukianguka, bahari nzima inajua tuko wapi."

Koplo Nakatsuru ana miaka thelathini na moja. Ni mpishi wa pili katika nyambizi ambayo wakubwa wametuomba tusiitaje jina. Jiko lake lina upana wa hatua mbili na urefu wa hatua tatu, na humo hutoka milo minne kwa siku kwa watu sitini na watano. Mikono ya shati ameikunja, na kwenye kiwiko cha kulia ana doa jeusi la kuumia ambalo anasema halijawahi kupona tangu aanze kazi hii.

Leo anapika kari kwa sababu ni Ijumaa, na katika jeshi hili la majini kila Ijumaa huliwa kari. Na saa nane mchana, vyombo vikishaoshwa, atafanya mtihani ambao ukimshinda hatapika tena ndani ya nyambizi.

Ni mtihani wa beji ya pomboo wawili, ile inayovaliwa kifuani. Kila anayefanya kazi nyambizini lazima aipate, awe fundi wa topido, yale makombora ya majini, au mmenya viazi. Mtahiniwa hutembezwa nyambizi nzima akiulizwa kila bomba na kila valvu: hii inafunga nini, nyingine iko wapi, ikipasuka utafanyaje. Moto ukizuka au maji yakiingia, hakuna wa kusema mimi ni wa jikoni. Anayefeli mara mbili hurudishwa nchi kavu. Mizuho ameshafeli mara moja.

"Nchi kavu si jela," anasema Sajini Kuboyama Tetsuji, mpishi mkuu, akionja mchuzi. Ana miaka hamsini na mbili, na anastaafu Machi. "Atapikia wanafunzi wa kambi. Ataoga kila siku."

"Wewe mzee umekaa huku miaka ishirini na sita," Mizuho anamjibu. "Mbona hukwenda kuoga?"

Kuboyama anaguna, kisha anaongeza tofaa lililokunwa kwenye sufuria. Kila chombo cha jeshi la majini kina kari yake na siri yake. Ya hapa ni tofaa na kijiko cha kahawa, na sasa si siri tena.

Mizuho alizaliwa Saiki, mkoa wa Oita, ambako mama yake, Bi Sumie, bado anauza tambi za mchuzi karibu na soko la samaki. Aliingia jeshini akiwa na miaka ishirini na mbili, akapika miaka sita katika meli za juu ya maji. Wanawake walipofunguliwa mlango wa nyambizi, aliomba. Mama alipiga simu siku hiyohiyo.

"Akaniuliza, 'Wewe, huko chini moshi utatokea dirisha gani?' Nikamwambia hakuna dirisha, mama. Akasema, 'Basi usikaange samaki.' Hakusema jingine. Nikajua amekubali."

Samaki hakaangi, maana harufu yake ingelala na watu wiki nzima. Huoga mara moja kwa siku tatu. Stoo ya maana hakuna, kwa hiyo chakula cha safari nzima husukumizwa popote penye upenyo: mchele chini ya vitanda, vitunguu juu ya mabomba, viazi nyuma ya mitambo ya chumba cha topido, makopo sakafuni. "Wiki ya kwanza tunatembea juu ya chakula cha wiki ya tatu," anasema. Ni yeye anayejua kila kitu kilipo, na ni yeye anayeingiza mkono kukitoa.

Lakini kufeli kwake hakukuanzia kwenye mabomba. Kulianzia kwenye kalenda.

Kule chini hakuna jua. Saa zipo, na tarehe ipo kwenye kitabu cha chumba cha uongozi, ila mtu anayetoka zamu akiwahi kulala haendi kusoma kitabu. Anahesabu kari. Akisema zimebaki kari mbili, anamaanisha wiki mbili afike nyumbani. Na siku ya kari huamuliwa na kalenda ya kuchana iliyoning'inizwa jikoni kando ya birika. Mpishi wa zamu ya asubuhi huchana karatasi ya siku iliyopita, basi.

Katika wiki ya nne ya safari iliyopita, mvuke wa birika ulizigandisha karatasi mbili. Mizuho alichana bila kutazama, akaiona Ijumaa, akapika kari. Watu arobaini walishakula kabla Luteni Irifune, ofisa wa uongozaji, hajafika na sahani yake na kuuliza kwa upole kuna sherehe gani Alhamisi.

Walicheka, na kwa miezi sasa hawajaacha. "Dada, kesho ni lini?" ndiyo salamu yake mpaka leo. Ijumaa yenyewe ilipofika, nyama ilikuwa imekwisha, wakala samaki wa kopo. Mmoja tu hakucheka. Sajini Yasumoto Shuhei, fundi wa mitambo, alikuwa na mke mjamzito nyumbani, na alikuwa amekwishakata siku moja kwenye hesabu yake. Alipoambiwa airudishe, aliweka kijiko chini akaenda kulala.

"Angenitukana ningeshukuru," anasema Mizuho. "Mtu anahesabu siku za kumwona mtoto wake, halafu mimi namnyang'anya moja. Niliona aibu, nikalia ndani ya chumba cha baridi cha nyama, maana ni hapo tu penye mlango wa kujifungia."

Kuboyama aliitoa kalenda jikoni, akaifungia kwenye kabati lake na kuichana mwenyewe. Siku tatu baadaye Mizuho aliitwa kwenye mtihani. Alikuwa amekariri michoro ya mabomba usiku na mchana kama vijana wote wanavyofanya. Kwenye valvu ya saba akili ikamtoka.

"Kila nikifumba macho naona karatasi mbili zilizogandana," anasema.

Asubuhi ya leo ofisa mmoja amemwambia aache kupika, apumzike, ajisomee. Amekataa. "Nisipopika kari leo watasema nimeogopa Ijumaa. Nitapika, watakula, kisha nitakwenda."

Saa sita walikula, na masufuria yakarudi matupu. Saa nane kasoro dakika tano alivua aproni, akaikunja mara nne. Kuboyama alimshika bega.

"Ile michoro achana nayo," alimwambia. "Wewe nyambizi hii unaijua kwa viazi."

Mwandishi haruhusiwi kushuhudia mtihani. Yaliyotokea ndani yamesimuliwa na watahini wenyewe, nao walikuwa wawili: Luteni Irifune, na Sajini Yasumoto.

Alijibu vizuri hadi chumba cha topido. Hapo Yasumoto akamwambia: "Taa zimezimika. Bomba la maji baridi limepasuka nyuma ya mitambo hii. Lifunge."

Mizuho alisimama akakaza macho ukutani. Irifune anasema alianza kumwonea huruma, akafungua kalamu yake aandike kuwa amefeli.

"Afande," Mizuho akasema, "naomba nipige magoti."

Alipiga magoti, akafumba macho, akaingiza mkono wa kulia nyuma ya mabomba mpaka begani, jinsi anavyofanya kila asubuhi safarini. Mara hii hapakuwa na kiazi hata kimoja. Kiganja kilitua juu ya gurudumu la valvu, akalizungusha hadi mwisho.

"Umeijuaje?" Yasumoto aliuliza.

"Hapa ndipo ninapoweka viazi, afande. Kila nikivitoa, hii ndiyo inaniumiza kiwiko."

Kuanzia hapo, anasema Irifune, alikuwa kama mwenye nyumba anayewaonyesha wageni vyumba. Mchele upo hapa, valvu ipo juu yake. Makopo hapa, bomba la mafuta chini yake. Hakukosa hata moja.

Saa kumi na nusu kamanda alimbandika beji mbele ya wenzake. Alipiga saluti, akageuka, akarudi jikoni kuandaa chakula cha jioni, kwa sababu watu sitini na watano wana njaa hata siku ya sherehe. Safari ijayo inaanza karibuni. Machi, Kuboyama akiondoka, Mizuho anataka jiko liwe lake. "Sitaki makuu," anasema. "Nataka wakila kari yangu wasiulize ni siku gani."

Kuboyama alifungua kabati lake, akatoa kalenda na kuitundika msumarini, mbali na birika mara hii. Mizuho alikausha vidole kwa aproni, akaishika karatasi ya juu kwa ncha, akaisugua taratibu kuhakikisha ni moja, kisha akaiacha palepale, kwa kuwa siku yake ilikuwa haijaisha.

Yasumoto alichungulia mlangoni. Mtoto wake sasa ana miezi mitatu.

"Dada, leo Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Una hakika?"

"Mchana umekula nini?"

"Kari," alisema Yasumoto, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akacheka.