Mtaalamu Aliyeogopa Kubonyeza

Majuzi nilimkimbiza shangazi yangu kwenye hospitali ndogo mjini Malindi, akiwa hajitambui. Daktari, sindano mkononi, akauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Nilijua ipo moja iliyowahi kumvimbisha koo alipotibiwa hapo hapo, lakini jina lake sikulijua. Karani akatazama kompyuta, akatikisa kichwa. Kumbukumbu za wagonjwa wote zilikuwa zimetoweka.

Akaitwa mtaalamu wa kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu za kompyuta, binti wa mtaa wa Muyeye, ambaye vyeti vyake na tuzo aliyopewa na wenzake wa fani vimetundikwa ukutani. Akanyoosha kidole, kikabaki hewani juu ya kibodi.

"Mwanangu, si wewe mwenye vyeti?" meneja wa hospitali akamhimiza. "Bonyeza basi!"

"Vyeti ninavyo, baba. Lakini nikikosea hapa, kumbukumbu hazirudi tena."

Akampigia simu mmoja wa wale waliompa tuzo. "Shikamoo. Naogopa," akasema.

"Marahaba. Umefanya vyema kuogopa," sauti ikajibu kwenye spika ya simu. "Usiguse kitu kabla hujanakili kilichobaki."

Wakaenda hatua kwa hatua, nami nasikiliza pumzi za shangazi. Kumbukumbu ziliporejea, daktari alisoma, akaiweka sindano chini polepole. Dawa iliyokuwamo ndiyo ile ile.

Nilidhani tuzo za wataalamu ni za kupigia picha tu. Kumbe vyeti vilimfunza binti yule kazi, na tuzo ikampa watu wa kuwaambia anaogopa.

Shangazi yuko nyumbani, analalamika mchuzi hauna chumvi. Mimi nikiingia hospitali sasa, nauliza kwanza mtu wao wa kompyuta huwa anampigia nani.