Seli Aliyoijenga Baba

Jiwe likichongwa hutoa vumbi lenye harufu ya baruti, na harufu hiyo ndiyo niliyolala nayo kiangazi kizima mahakama ya wilaya ilipojengwa kwetu. Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Mama tulikuwa tumemzika msimu wa mvua uliotangulia, kwa hiyo baba alikwenda nami kazini, nikaona jengo lile likipanda: kuta nene za mawe ya kijivu, baraza yenye nguzo nne, ukumbi wenye dari ya juu ili hakimu asione joto. Nyuma kabisa, seli. Hiyo alipewa baba. Mnyapara alitaka vyuma vya dirisha vibanane mtu asipenye, na mafundi walipima kwa kichwa cha mtoto, maana kichwa kikipita mwili hufuata. Baba akaniinua, akanisukuma kichwa katikati ya vyuma. Kikakataa. Tukacheka.

Kazi ilipokwisha yalibaki mawe, rundo limetupwa tu kwenye nyasi. Baba alichukua moja akaliweke kwenye kaburi la mama. Alilibeba begani mchana kweupe, hakujificha. Mnyapara akamshtaki kwa wizi, na mtu wa kwanza kufungiwa seli ile akawa baba mwenyewe. Nilimpelekea viazi vitamu. Nikapanda juu ya debe, nikaingiza mkono katikati ya vyuma mpaka kwapani. Akaniuliza, "Umekua? Hebu jaribu kichwa tena." Alitaka nicheke. Mimi nilijaribu kweli, mpaka masikio yakachubuka. Kesho yake lori lilimpeleka gereza la mbali, na huko ndiko alikofia. Jiwe lilirudishwa kwenye rundo.

Sasa nakaa Arlington, Marekani, kwa binti yangu. Juzi mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi, alinichukua kwa gari twende mahakama ya zamani ya kaunti, akachukue kibali cha ndoa. Ni jengo la mawe mekundu, lina mnara wa saa, na watu husimama nje kulipiga picha. "Shosho, simama hapo kwa ngazi," akaniambia. "Na ucheke kidogo, ni picha."

Nikasimama. Ilikuwa siku yake. Nilitazama juu. Wamechonga majani na maua kwenye mawe mpaka chini ya paa, mahali ambapo ni njiwa tu wanaoona. Mawe yote hayo. Sisi tulitaka moja.